Mhesabu wa Nyuzi za Chai

Ukimwambia Fundi kwamba watu walikuwa wengi kwenye mazishi, angekuuliza wangapi. Ukisema mia mbili, angekuuliza kama umehesabu ama umekisia. Ukikubali kwamba umekisia, angetikisa kichwa polepole, bila hasira, kisha angeendelea kumenya kiazi chake. Ndivyo alivyopoteza marafiki. Hakumtukana mtu, hakulewa, hakuingiza ng'ombe wake kwenye shamba la mtu. Aliuliza tu "wangapi?" mpaka watu wakachoka naye.

Tulimwita Fundi kwa sababu alikuwa fundi wa maabara katika kituo kidogo cha miche ya chai, ng'ambo ya kilima chetu. Kituo kilifungwa zamani na sasa mahali pale pana zizi la mbuzi. Yeye alitoka nyanda za juu za magharibi, upande wa migomba, lakini alikuwa ameishi kwetu, upande huu wa Bomet, miaka mingi kuliko alivyoishi kwao. Kikipsigis alikijua vizuri. Alikizungumza kama mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi, kila neno likisimama peke yake, na watoto walimwiga wakicheka. Mimi pia nilimwiga.

Mama yangu alimheshimu kwa umbali. "Huyo ni mzee mzuri," alisema, "lakini ukimkaribisha chai atakwambia kikombe chako kina nyufa ngapi."

Kazi yake kituoni ilikuwa kuhesabu kromosomu. Hakupenda neno hilo, alilisema kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. Aliziita nyuzi. "Kila seli ya mche ina nyuzi," alisema. "Ndani ya nyuzi ndiko kumeandikwa jani litakuwa pana au jembamba, mche utavumilia jua au utakauka. Mimi sisomi yaliyoandikwa. Mimi nahesabu tu nyuzi ni ngapi. Lakini ukikosea hapo, anayesoma baada yako anasoma kitabu kisichokuwepo."

Nilikuwa darasa la sita aliponiambia maneno hayo na sikuyaelewa yote. Nilimpenda kwa sababu nyingine. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, wa aina inayofukuzwa Sunday school. Nilimuuliza mwalimu wa Sunday school samaki walipataje kufa kwenye gharika, akanitoa nje, nikaenda kukaa kwenye ua wa Fundi uliopakana na uwanja wa kanisa. Alinikuta pale, akauliza nimefanya nini, nikamwambia.

"Wangapi walicheka?" akauliza.

"Wote."

"Wote ni wangapi?"

Nilifikiri. "Kumi na wanne."

"Sasa hapo umesema kitu," akajibu, na tangu siku hiyo akaniita Swali. "Swali, chamge? Umekula?" Ndivyo alivyonisalimu kwa miaka yote, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye shahada na hasira za mtu mwenye shahada asiye na kazi.

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa bapa kama kijiko. Alikipata kazini. Unakata ncha ya mzizi, ile nyeupe, ndogo kuliko punje ya mtama. Unailaza kwenye spiriti iliyochanganywa na siki kali, unailainisha, unaitia rangi nyekundu, unaiweka katikati ya vioo viwili, unafunika kwa karatasi, halafu unakandamiza kwa kidole gumba. Ukikandamiza kidogo, nyuzi zinabaki zimejikusanya kama sufu. Ukikandamiza sana, zinatawanyika na za jirani zinaingia. Alisema mzizi lazima ukatwe asubuhi, jua likiwa limeshapanda kidogo, kwa sababu ndipo seli nyingi huwa zinagawanyika, na nyuzi huonekana tu wakati seli inagawanyika. Nilidhani huo ni ushirikina wa maabara. Nilipofika chuo kikuu nilikata mizizi alasiri ili nimwoneshe kwamba amekosea. Nilikaa kwenye hadubini mpaka shingo ikauma. Niliona seli mbili tu za kuhesabika.

Nilipomwambia, hakunicheka. Alisema, "Vizuri. Sasa unajua wewe, si kwamba unaniamini mimi."

Hilo lilikuwa jambo lake kubwa, kwamba mtu asihesabu kitu ambacho tayari anakijua. Alinihadithia kwamba kulikuwa na miaka ambapo vitabu vyote viliandika mwanadamu ana nyuzi arobaini na nane. Mtu wa kwanza mwenye jina alihesabu hivyo, na waliokuja nyuma wakaiona arobaini na nane hata pale ilipokuwa arobaini na sita. Waliopata arobaini na sita walidhani macho yao ndiyo mabovu, wakatafuta hizo mbili zilizopotea. Nilikwenda kuhakikisha maktabani, maana hata yeye sikumwamini. Ilikuwa kweli. Nililala nimefurahi usiku huo, kana kwamba dunia nzima imekamatwa ikidanganya.

Hesabu ya chai alinifundisha kwa ndizi. Shina lake la mgomba lilikuwa nyuma ya jiko. Alilileta kutoka kwao, na halikuwahi kustawi kwenye baridi yetu.

"Hii ndizi ina mbegu?" akaniuliza.

"Haina."

"Kwa nini haina?"

"Ndizi hazina mbegu."

"Hilo si jibu, hilo ni swali limevaa koti." Alimenya ndizi, akaikata kati, akanionesha vidoadoa vyeusi. "Hizo zilitaka kuwa mbegu zikashindwa. Sikiliza. Mche wa kawaida una seti mbili za nyuzi, moja ya baba, moja ya mama. Chai, seti moja ni kumi na tano. Mbili ni?"

"Thelathini."

"Ukitaka kutengeneza mbegu, kila uzi unatafuta mwenzake, wanasimama wawili wawili, halafu wanagawana njia. Sasa kuna miche inazaliwa na seti tatu. Arobaini na tano. Wawili wakishikana, wa tatu anazunguka hapo katikati, hana wa kusimama naye. Hesabu inavurugika. Mche unakuwa mkubwa, jani pana, nguvu tele, lakini mbegu hupati. Labda moja, kwa bahati. Huo unaupanda kwa kukata kijiti tu na kukiotesha, kama mgomba unavyotoa chipukizi lake."

"Na mtu anaweza kuwa na seti tatu?"

"Mtu hawezi kuishi nazo. Mimea ina uvumilivu kutushinda."

Watu walimwogopa kwa kuhesabu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shamba kubwa la chai, na wachumaji walipita kwenye ua wake kila asubuhi na vikapu mgongoni. Fundi alisimama kwenye lango. "Leo mko kumi na saba," aliwaambia. "Jana mlikuwa kumi na tisa. Nani mgonjwa?" Aliuliza kwa sababu alitaka kujua nani mgonjwa. Wao waliamini ametumwa na ofisi kuhesabu watoro. Siku moja mama mmoja alimjibu mbele ya wote, "Hesabu meno yako, mzee, uone kama yametimia." Walicheka mpaka bondeni. Baada ya hapo hakuuliza tena. Aliendelea kusimama pale langoni, na ukimtazama vizuri ungeona midomo yake ikicheza.

Mkewe alifariki kabla sijamjua. Watoto wake walikuwa mijini, wanampigia simu Jumapili. Msimu mmoja wa uchaguzi, majirani wawili waliotoka kwao walifunga mizigo wakahama, wakamwachia paka. Walisema watarudi mambo yakitulia. Yalitulia, hawakurudi. Paka walizaa, Fundi akawa anajua idadi yao kila siku, na hakuwapa hata mmoja jina. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Mchungaji alimwondoa kwenye kamati baada ya Fundi kusimama siku ya mavuno na kusema kwamba idadi ya waumini iliyotangazwa inajumuisha na waliokufa. Alikuwa sahihi. Hakuna aliyemtetea, na mimi niliyekuwa na miaka kumi na saba na kelele nyingi nilikuwa nyumbani siku hiyo, sikuwepo.

Nilimfanya kuwa shujaa wangu. Chuoni nilimsimulia kwa wenzangu: kuna mzee kwetu, hana digrii, lakini hakubali kitu mpaka akihesabu. Nilidhani alizaliwa hivyo. Nilidhani shaka yake ni kama yangu, kitu cha raha, kisu cha kuchezea. Nimekuja kujua baadaye kwamba katika maisha yake kulikuwa na kitu kimoja hakukihesabu, kwa miaka kumi na miwili, na hadubini iko mbele yake kila siku ya kazi.

Kitu hicho kilikuwa mche wa chai uliokuwa kando ya choo chake. Wachumaji waliuona kila siku na kumcheka kwa kuuacha uwe mti, haupogolewi, hauchumwi, majani yake mapana kama ya mparachichi. Fundi aliumwagilia wakati wa kiangazi. Alipoulizwa alisema ni kivuli tu.

Mama wa mche ule aliota kituoni. Palikuwa na mtafiti kijana, mwanamke, ambaye wafanyakazi walimwita Madam. Kazi yake ilikuwa kuzalisha miche mipya kwa kuchavusha maua kwa mkono: unang'oa petali, unapaka chavua kwa brashi ndogo, unafunika ua kwa kimfuko, unangoja karibu mwaka mzima uone kama limeshika. Madam aliupenda mche mmoja uliovumilia ukame na mvua ya mawe, akataka uwe mzazi wa miche mingine. Lakini aliyatilia shaka yale majani mapana. Kabla hajaanza, alimletea Fundi mizizi yake ndani ya chupa, akamwomba ahesabu.

Fundi akatengeneza slaidi, akatazama, akaona nyuzi nyingi mno. Akasema moyoni kwamba seli mbili zimelaliana, jambo linalotokea kila wiki. Chai ni thelathini, kila mtu anajua. Akaandika thelathini.

Madam alichavusha ule mche misimu sita. Maua ya wenzake yalishika, yake yalidondoka. Wafanyakazi wakaanza kumwita Mkono Baridi, kwanza kwa siri, kisha kwa sauti. Wakubwa wakamwondoa kwenye uzalishaji wakampeleka kuhesabu mifuko ya mbolea stoo, naye akaacha kazi. Siku anaondoka, Fundi alipita karibu na ule mche, akashika jani lake, na akajua. Yaani alishuku. Alikata kijiti, akakipanda kwake. Kuhesabu tena hakuhesabu. Akihesabu akapata thelathini, mkono wa Madam ndio ulikuwa baridi na yeye hana hatia. Akipata arobaini na tano, yeye ndiye alimwondoa. Miaka kumi na miwili hakutaka kujua, na alipostaafu, alipotaka kujua, kituo kilikuwa kimefungwa na macho yake yameingia mtoto wa jicho.

Haya yote sikuyajua nilipomaliza chuo na kupata kazi ya kufundisha biolojia kwa mkataba wa bodi ya shule katika sekondari ya kwetu. Nilijua tu kwamba shule ina hadubini moja nzuri na ufunguo wake uko mfukoni mwangu.

Fundi alikuja shuleni Jumatatu moja, amevaa koti lake la kanisani, amebeba karai. Ndani ya karai mlikuwa na mifuko miwili ya plastiki yenye udongo, kila mmoja umeotesha kijiti cha chai. Kwenye mmoja alikuwa ameandika A, kwenye mwingine B, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri.

"Swali, nihesabie nyuzi."

"Hii miche ni ya wapi, Mzee?"

"Ya kwangu."

"Iko na tofauti gani? Hii ya B iko na majani kubwa."

"Kama ningekuwa najua tofauti ningekuletea? Hesabu. Seli kumi kila mmoja. Usiniletee tisa."

"Unatafuta ngapi?"

Alikasirika. Hiyo ilikuwa mara ya pekee nilimwona amekasirika. "Nani amekwambia natafuta? Nimekwambia hesabu!"

Nilidhani ni uzee. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa mama kwamba mwanawe mkubwa anataka kumchukua arudi kwao magharibi, ana nyumba imejengwa tayari, na Fundi anakataa kupanga tarehe. Nikajiambia mzee anataka kushika kazi yake mara moja ya mwisho. Nilimhurumia, na huruma yangu ilikuwa na majivuno kidogo ndani yake.

Ilinichukua Jumamosi tatu. Mwuguzi wa zahanati alinipa spiriti, siki nilinunua Kericho, rangi niliikuta kwenye kabati la shule chupani, imebaki kidogo chini. Mche wa A ulikuwa rahisi, thelathini, thelathini, thelathini. Mche wa B ulinisumbua. Slaidi ya kwanza ilikuwa na nyuzi nyingi mno, nikadhani seli mbili zimelaliana, nikaitupa. Ya pili ikawa vilevile. Ya tatu nikaikandamiza kwa kidole mpaka kucha ikageuka nyeupe, na seli moja ikatawanyika vizuri kama mtama uliomwagwa kwenye ungo. Nilichora kila uzi kwenye karatasi na kuuwekea alama ya penseli, kama alivyonifundisha. Arobaini na tano. Nikarudia mpaka zikafika kumi. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya maabara. Nilikuwa nimegundua kitu, mimi, kwenye shule isiyo na maji.

Nilikimbia kwake. Alikuwa ameketi nje, anachambua maharagwe kwa vidole kwa sababu macho hayasaidii.

"Mzee! A ni thelathini. Lakini B, subiri uskie, B ni arobaini na tano! Seti tatu! Ndiyo maana majani ni kubwa hivyo. Huo mche hauwezi kuzaa mbegu hata ukiuombea. Ulitoa wapi kitu kama hiyo?"

Alibaki na harage moja kati ya vidole.

"Seli ngapi?"

"Kumi. Zote sawa."

"Hakuna zilizolaliana?"

"Mwanzo nilidhani zimelaliana. Nikatengeneza zingine."

"Kwa nini ulitengeneza zingine?"

Nilicheka. "Si hukuniambia jibu? Ningejuaje ni ipi sawa?"

Aliliweka lile harage kwenye ungo, polepole, upande wa mazuri. Kisha akaniambia yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia chupa ya mizizi mpaka mifuko ya mbolea, na kwamba B ni kijiti cha ule mche wa kando ya choo, A ni chai ya kawaida. Alisema kwa mpangilio, kama anasoma ripoti. Nilimtafutia sababu. Nikasema labda alikuwa amechoka, labda hadubini ilikuwa mbovu, labda walimharakisha.

"Sikuwa na haraka," akasema. "Hadubini ilikuwa nzuri kuliko yako. Nilijua tu. Nilikuwa najua chai ni ngapi."

Nilikaa pale mpaka jua likashuka. Nilikuwa nimekuja mbio, nacheka, kumpa mtu hukumu yake.

Alijua Madam yuko wapi. Alikuwa anajua muda wote. Aliolewa Londiani, ana viazi na ng'ombe wa maziwa. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka, kwa sababu peke yake hangeweza kuona hatua. Njiani, Chepseon, tulishuka kwenye gari kidogo, akanunua mkate na sukari, akasimama navyo barabarani, kisha akaurudisha mkate dukani. "Sukari inatosha," alisema. "Nikibeba vingi atadhani nimekuja kuomba kitu."

Tulimkuta shambani, amevaa gumboots, anachimbua viazi pamoja na vibarua wawili wanawake. Alikuwa mnene, mwenye uso wa ucheshi. Alisimama akamtazama Fundi.

"Fundi? Kumbe uko hai!"

"Niko, Madam."

"Madam! Mnasikia? Huku naitwa Mama Viazi." Vibarua wakacheka. "Na huyu ni mjukuu?"

"Ni mwalimu. Ndiye amehesabu."

"Bado mnahesabu tu? Haya, hesabu na hizi gunia zangu, bwana yangu ananiibia." Akacheka peke yake, kisha akaona Fundi hacheki, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Madam, ule mche wako wa majani mapana. Ni arobaini na tano. Mimi nilikuandikia thelathini."

Upepo wa Londiani ni baridi hata mchana. Alijifunga leso vizuri zaidi, akaketi juu ya gunia.

"Nilikuuliza, Fundi," akasema. "Si kuandika tu, nilikuuliza kwa mdomo. Nilikuja mpaka mlangoni. Nikakwambia, Fundi, una hakika? Ukaniambia, 'Madam, chai ni thelathini.'"

"Nilisema hivyo."

"Misimu sita."

"Sita."

Sijui nilitarajia nini. Labda amtukane, labda amsamehe, maana vitabu vimetuzoesha kwamba ni lazima mojawapo. Yeye aligeuka akaita kuelekea zizini, kwa sauti iliyopasua bonde. "Baba Chebet! Baba Chebet, kuja hapa! Kuja usikie kitu huyu mzee anasema!"

Mumewe akaja, mikono imelowa maziwa, akatusalimu mmoja mmoja, haelewi.

"Rudia," akamwambia Fundi.

Fundi akarudia. Mche wa Madam ni arobaini na tano, yeye aliandika thelathini. Mume akamtazama mkewe.

"Maana yake haingeshika," mkewe akamwambia. "Hata angechavusha malaika. Mkono wangu haukuwa na shida."

"Lakini mimi sikuwahi kusema uko na shida," mume akasema.

"Wewe hukusema. Mama yako alisema." Akatugeukia sisi. "Habari ilifika huku kabla yangu. Mkono Baridi ameolewa kwetu. Mama mkwe alinikataza kuweka mbegu kwenye udongo. Mahindi, maharagwe, hata sukuma. Mimi mwenye digrii ya mimea. Nilikuwa nachimba mashimo, yeye ananifuata nyuma anaweka mbegu. Mpaka alipokufa. Na alipokufa nilipanda viazi kwa sababu kiazi si mbegu, ni kipande. Nilijiambia kiazi hakitajua ni mkono wa nani."

Alisema hayo akitabasamu, na mmoja wa vibarua, aliyekuwa amecheka mwanzoni, akainama akaanza kuokota viazi ambavyo vilikuwa vimeshaokotwa.

"Nilikuwa nimeamini, Fundi. Hiyo ndiyo inaniuma. Nilisoma sayansi miaka yote hiyo, nikaamini mambo ya mkono."

"Uliamini kilichoandikwa," Fundi akasema. "Niliandika mimi."

Madam alichukua ile sukari, akampa mumewe aipeleke ndani, akamwambia aweke chai. Kisha akaonesha kwa jembe, upande wa pili wa ua wa miti ya sipresi, ambako palikuwa na kaburi lililojengewa saruji, nyasi zimekatwa vizuri.

"Mama mkwe yule pale ndiye aliyetaka kujua zaidi ya wote," akasema. "Alinipenda, ujue. Kila kitu kingine alinipa. Sasa yeye atajuaje?"

Nilidhani amesema tu, kama watu wanavyosema. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kwamba aliyekufa hajui kitu. Lakini Fundi alikuwa ameshaanza kutembea. Hakuona mtaro, akajikwaa, nikamwahi nikamshika mkono mpaka tukafika. Alinipa kofia niishike. Akauliza kwa sauti ndogo kichwa kiko upande gani, nikamwonesha.

Madam hakutufuata. Alikuwa ameshageuka, jembe limeinuliwa, na udongo ukaanza kusikika tena.

"Mama," Fundi akasema, kwa Kikipsigis chake cha neno moja moja. "Chamge. Mimi ni fundi wa maabara. Ule mche ni arobaini na tano. Mimi niliandika thelathini. Zilihesabiwa seli kumi."

Akangoja. Mimi siamini kwamba wafu husikia, na sikuamini siku ile pia. Nilisimama nyuma yake na kofia mkononi, sikumharakisha.